Mstari Uliokataa Kunyooka

Tangu Jumatatu Nyambeki hakuigusa koki ya kisima.

Majuma mawili kabla ya hapo aliigusa kila siku: robo mzunguko tu, gesi ikapumua, sindano ya geji ikashuka kidogo, naye akaandika namba daftarini kama kawaida. Kisima cha gesi cha Chebunyo kilikuwa kimefungwa ili ionekane presha inavyopanda. Ikipanda kwa mstari ulionyooka, kipimo kimekwisha na kibanda anamokaa Nyambeki kinavunjwa. Mstari ukipinda, huenda kuna ukuta wa mwamba huko chini. Kipimo kinarudiwa, na Kipyegon, msoma grafu kutoka Kericho, anarudi Jumatano.

Mgeni wake mwingine pekee alikuwa Chepkosgei, jirani aliyemletea maziwa.

"Huyu ng'ombe wako wa chuma," Chepkosgei alisema, "miezi miwili unamkalia na hujajua kama ana maziwa?"

"Bado tunampima, mama."

"Sisi tungekuwa tumeshamchinja."

Nyambeki alicheka. Jirani alipoondoka, ukimya ulirudi ukaketi mahali pake. Lakini Jumapili kanisani, akiikumbuka ile koki, alikuwa ameshindwa hata kuimba. Chuoni walimpa cheti cha kusoma vipimo, si cha kuvidanganya.

Jumatano Kipyegon alifika saa nne, Landrova imejaa vumbi. Daftari lile dereva yeyote angeweza kulichukua, ila yeye alisema madereva hupoteza karatasi. Aliketi juu ya kreti, akaanza kuchora nukta. Nyambeki alimmiminia chai, akabaki amesimama.

Nukta za tangu Jumatatu zilijipanga kama michai iliyopandwa kwa kamba. Hata mtoto angeona.

"Mstari umenyooka," Nyambeki alisema polepole, ili amwondolee taabu ya kulitamka neno hilo.

Kipyegon alikunywa chai yote, akaitazama grafu, akatazama masufuria mawili ya Nyambeki ukutani mwa kibanda. Kisha akavuta daftari.

"Hii ya jana saa nane. Elfu moja mia mbili kumi na tisa. Uliisoma mwenyewe?"

"Mara mbili, Bwana Kipyegon."

"Basi jua lilikuwa machoni mwako."

Alitoa raba mfukoni, akafuta ile tisa taratibu, akaandika moja. Akaisogeza nukta chini.

"Umepinda, Miss Nyambeki," alisema bila kumtazama. "Itabidi nirudi Jumatano."