Siku Milango Ilipofunguka

Katika mji ule, milango ya nyumba zote iliitii serikali ya mji, wala haikumfungukia mtu aliyezaliwa kwingine, hata akiwa na mwenyeji. Ndiyo maana Mkamburi alimpokea mama yake, Bi Mshai, barazani. Walikula pale pale, na mvua ikianza mama alirudi kwao.

Mama alipoanza kuugua kifua, Mkamburi aliishtaki serikali ya mji. Majirani walimwona amerukwa na akili.

Jaji alisoma hukumu kwa sauti ya chini: “Hakuna mlango utakaomkataa mtu kwa sababu ya alikozaliwa.”

Papo hapo ukasikika mvumo, kama mji mzima umeshusha pumzi. Milango yote ilikuwa imefunguka. Mkamburi alirudi nyumbani akipita katikati ya watu waliosimama vizingitini, wameduwaa.

“Karibu ndani, mama.”

Bi Mshai aliingia taratibu. Akagusa ukuta, kisha kitanda cha mwanawe, machozi yakamtoka. “Kumbe hapa ndipo unapolala.”

Halafu akageuka kuutazama mlango. “Mwanangu, jaji alisema mara moja tu, na yote ikafunguka?”

“Mara moja tu, mama.”

“Na akija mwingine akasema ifungwe?”

Mkamburi alikiburuta kinu kutoka jikoni, akakisimamisha kizingitini. Alipoinua kichwa, aliona jirani wa ng'ambo akiuwekea mlango wake jiwe, na mtaa mzima watu wakitoa viti, ndoo na meza.