Hukumu Mbili za Bi Siwema

Hakimu Nasra alikuwa ameandika hukumu mbili: moja inamwondoa Bi Siwema kwenye nyumba aliyoijenga kimakosa katika kiwanja cha mtu, nyingine inamwacha abaki. Alidhani akiziandika, moja itaanguka yenyewe. Zote zilisimama, tena juu ya kifungu kilekile cha sheria.

"Mheshimiwa, ipi niigongee muhuri?" karani alinong'ona. "Watu wameshakaa."

"Ungekuwa wewe, Kombo?"

"Mimi? Kila ninayoisoma naona ndiyo yenyewe."

Bi Siwema akasogea mbele, akavua ufunguo wa nyumba shingoni.

"Bibi, rudi ukae!" Kombo alimwambia.

"Nampa tu hakimu, mwanangu. Asije akapata taabu ya kuniomba."

Ufunguo ulikuwa bado na joto la kifua chake. Nasra aliushika, mkono mwingine juu ya karatasi mbili, na Kombo akanyanyua muhuri, akingoja.