Marehemu Aenda Matembezini

Siku ya tatu baada ya kufariki, mzee Harmen Boonstra aliamka mapema, akanyoa ndevu, akakodi gari la watalii.

Gari la peke yake na kiongozi wake, siku nzima: vinu vya upepo na vijiji vya mifereji. Bei ilimuuma hadi kwenye mifupa. Lakini angefanyaje? Dereva wa basi la kijijini kwao alimjua tangu utoto, na maiti hapandi basi akaanza kusalimia abiria.

Kiongozi, binti wa Amsterdam aitwaye Fenna, alimkuta mlangoni kavaa kofia pana na miwani ya jua, na mvua inanyesha.

"Mzee, leo hakuna jua."

"Litatoka," Harmen akasema, akaingia garini na kufunga mkanda.

Kifo chenyewe alikitangaza mwenyewe. Alimpigia simu shemeji yake Aukje, mke wa mdogo wake Douwe, akabana pua, akajifanya mtu wa kampuni ya mazishi. Akasema mzee Harmen amefia usingizini, mazishi ni Jumamosi. Na ili mambo yaonekane ya kweli, akaongeza kwamba baada ya mazishi kutakuwa na kahawa na keki, kila mtu ale atakavyo. Aukje akaangua kilio. Harmen akakata simu upesi, maana nusura alie naye.

Alitaka kujua jambo moja tu. Yeye na Douwe hawakuwa wamesemeshana kwa miaka kumi na saba, tangu matanga ya mama yao. Siku ile Harmen aligawa biskuti, moja kwa kila kikombe cha kahawa, kisha akafunika bati la biskuti kama wafanyavyo watu wote wa huko. Douwe akalifunua mbele ya wageni. "Msimjali kaka yangu," akasema, "ana mkono wa birika. Kuleni." Watu wakacheka. Harmen akachukua koti lake, akaondoka, na hakurudi tena.

Douwe ndiye aliyebaki na kinu cha baba yao. Na huko kwao kinu humsemea mwenyewe. Mwenye kinu akifiwa, husimamisha mabawa, moja likiwa limepita kilele kidogo, linaelekea chini. Akiwa na furaha, kama arusi au mtoto, bawa husimama kabla halijafika kilele, kwa kuwa jambo jema linakuja. Kijiji kizima husoma kutoka mbali. Baba yao aliwafundisha hayo kabla hawajajua kuandika.

Basi ikiwa Douwe amemwekea msiba, Harmen angeshuka garini, abishe hodi, aombe radhi, yaishe. Ikiwa hakumwekea, angebaki marehemu.

Fenna alifanya kazi yake vizuri. Alieleza habari za mifereji, za jibini, za viatu vya mbao. Kituo cha kwanza alinunua biskuti mbili za shira, zingali moto.

"Mbili za nini?" Harmen akauliza. "Tuko wawili, moja inatosha."

"Mzee, una utani wewe."

Hakuwa na utani. Moja aliigawa nusu kwa nusu. Ya pili akaifunga kwenye leso, ya safari ya kurudi.

Walipita vinu vitano, hata shingo hakugeuza.

"Jamani, mzee, umelipia vinu na huvitazami!"

"Hivi si vyenyewe. Endesha."

Mchana walivuka daraja la mbao, na nyuma ya miti kikaonekana kinu cha nyumbani. Harmen akavua miwani. Akatazama juu.

Bawa lilikuwa halijafika kilele. Furaha. Tena si furaha ya hivi hivi, kwani bendera ndogo ndogo zilitundikwa kutoka bawa hadi bawa, nyekundu, nyeupe na buluu, zinapepea.

"Lo, kuna arusi!" Fenna akasema. "Mzee, tuna bahati."

"Kuna msiba," Harmen akasema.

Fenna akazitazama bendera. "Wanaomboleza vizuri."

Machozi yakamtoka mzee. Alijua kwamba hapendwi, lakini kufurahiwa kufa namna hii, kwa bendera! Akasema, "Geuza gari."

Fenna akageuza. Hawajafika darajani, Harmen akapiga goti lake ngumi. "Rudi! Marehemu au si marehemu, leo atanisikia."

"Marehemu gani tena?"

"Wewe rudi tu, binti."

Douwe alikuwa ameketi mbele ya kinu, kavaa shati la Jumapili. Mezani palikuwa na birika la kahawa, vikombe vitatu, na bati la biskuti lililo wazi. Alimtazama kaka yake kuanzia kofia mpaka viatu, wala hakushtuka.

"Umechelewa," akasema. "Kahawa hii naipasha moto tangu jana."

"Huna haya!" Harmen akafoka. "Mimi maiti, wewe unatundika bendera?"

"Kaa, kaka. Chukua biskuti."

Harmen akakaa. Akachukua biskuti moja. Kisha mkono wake, bila yeye kuutuma, ukalifunika bati.

Douwe akacheka mpaka akafuta macho.

"Aukje kalia bure," akasema. "Aliponiambia kwamba mazishini kwako kila mtu atakula keki atakavyo, nilijua u mzima na utakuja kutazama mabawa. Nikapanda kutundika bendera."