Kidonge Chini ya Ulimi

"Fungua mdomo, Mzee Wabuge. Sasa inua ulimi."

Kidonge kilikuwa pale pale, hakijamezwa.

Wenzangu wodini wangemfokea. Mimi nilivuta kiti nikaketi kumsubiri, vile nilivyozoea miaka tisa nikiwa mshauri nasaha mtaani Kapsoya, kabla sijasomea uuguzi.

Mwishowe akakitemea kiganjani. Kiganja chenyewe kilikuwa kinatetemeka.

"Sista, hii dawa ndiyo inanitetemesha. Mama watoto anakuja kesho na chai. Nitashikaje kikombe akiniangalia?"

Zamani ningempa pole na kumpangia siku nyingine ya kuongea. Kazi yangu ilikuwa inaishia hapo.

Safari hii nilifungua faili yake, nikampigia daktari simu.

"Daktari, naomba uje wodini leo uangalie upya dawa ya Mzee Wabuge, inamtetemesha. Mzee ana mgeni kesho."