Ndege Aliyetulia

Ndege hakai. Hiyo ndiyo ilikuwa shida, na ilikuwa siku ya nne.

Anatua juu ya funjo, funjo linayumba, Hetal anainua kamera, ndege hayupo. Kamera ilikuwa na picha mia tatu za majani. Chache zilikuwa na mkia.

"Leo tena katushinda," alisema Ndalahwa, mkulima wa huku ng'ambo, upande wa Sengerema, aliyekuwa akimtembeza. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, suruali kaikunja mpaka magotini. "Huyu ana haraka kama mtu mwenye kesi."

Hetal hakucheka. Hakukasirika pia. Tangu afike Mwanza alikuwa kama fizi iliyopigwa sindano ya ganzi: unajua ipo, huisikii.

Kamera haikuwa yake. Ilikuwa ya baba yake, Kushal, mzaliwa wa Mwanza aliyehamia Uingereza akiwa na miaka kumi na minne. Mzee huyo alikuwa amezunguka nchi ishirini na sita kwa miguu, akipiga picha ndege wadogo ambao watu wengine hata hawawaoni. Huyu wa njano wa kwenye mafunjo, aliyemwimbia kila asubuhi ya utoto wake, hakuwahi kumpiga picha. Kila mwaka alisema atakwenda. Sasa alikuwa amelala hospitali ya Leicester, hainuki.

"Nataka nimwone mmoja tu, ametulia," alimwambia binti yake. "Nimtazame vizuri."

Daktari alitoa wiki moja. Siku tano zilikuwa zimekwisha, na kesho ndiyo siku ya Hetal kurudi. Yeye mwenyewe hakuwajua ndege; alijua kazi ya benki. Kilichomsaidia huku ni Kiswahili tu, alichofundishwa jikoni na bibi yake Champaben.

"Ulimwambia mzee utampata lini?" Ndalahwa aliuliza walipokuwa wakirudi kivukoni.

"Nilimwambia leo."

"Na jana?"

"Jana pia nilimwambia leo."

Ndalahwa aliruka dimbwi la njiani. "Mimi mzee wangu aliomba maziwa ya mgando ya kwetu. Nilifika nayo wakati watu wanatoka makaburini." Akatema mate pembeni. "Kesho panda kivuko cha kwanza. Atakaa."

"Umejuaje?"

"Binti, mimi nimezaliwa hapa. Atakaa."

Asubuhi Hetal alimkuta Ndalahwa anamngoja, macho mekundu kwa moshi, viganja vinang'aa mafuta.

"Shikamoo."

"Marahaba. Usinipe mkono, nimechafuka. Mke wangu Teodora hajanisemesha tangu jana. Nimemharibia sufuria."

"Ulikuwa unapika?"

"Mwanamume akiingia jikoni lazima kitu kiharibike." Akacheka peke yake. "Twende polepole."

Kwenye mafunjo alikuwa ameshafyeka mbele, mahali pamekuwa peupe. Ulibaki ufito mmoja mkavu, mrefu, umeelekea jua.

"Simama hapa. Usisogee hata hatua moja."

Haikupita nusu saa. Ndege alitua. Hetal aliinua kamera bila matumaini, akatazama, na ndege alikuwa bado yupo.

Alikuwepo dakika tano. Alikuwepo dakika kumi. Alifungua mabawa yote mawili, jua likapenya katikati ya manyoya, akayafunga, akayafungua tena, kama bibi harusi anayezungushwa mbele ya wageni. Aliimba bila kupumzika, sauti ya juu, ya kukatakata. Mwenzake wa rangi iliyofifia alikuja, akamzunguka, akaenda, akaja tena.

"Anaimba vizuri," Hetal alisema.

Ndalahwa alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. "Piga, binti. Piga upesi tumwache."

Alipiga mia mbili na kumi. Alihamishia kumi nzuri kwenye simu, na kipande kimoja cha video, akatuma. Leicester ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Muuguzi alikuwa ameahidi kumshikia mzee simu.

Alama mbili ziligeuka bluu. Wakangoja. Ndege alikuwa bado anaimba.

Ujumbe wa sauti uliingia. Ulikuwa wa sekunde thelathini, na nyingi zilikuwa pumzi tupu. Kushal hakusema Kigujarati kama alivyozoea kusema na binti yake, wala hakumtaja jina. Alisema Kiswahili cha mtoto wa mitaa ya Mwanza.

"Wewe bwana uliyetega. Huo ni ulimbo, miguu imenata. Usimvute. Mpake mafuta miguuni, taratibu, mpaka uachie. Mimi nilikuwa nawavuta."

Ndalahwa alipaka mafuta. Ilichukua saa nzima. Simu ya hospitali ilimkuta Hetal kivukoni, saa nane mchana.

Picha iligharimu vidole viwili vya ndege, manyoya tisa ya bawa, na sekunde thelathini za mwisho za sauti ya baba yake, ambazo hata moja hakuambiwa yeye.