Kufuli la Ngiri

"Watoto wanaharisha, baba Chonge, nawe umekifunga choo kwa kufuli," mkewe Ngiri alinung'unika. "Tutajisaidia kichakani mpaka lini?"

"Mpaka mkaguzi apite," akajibu Ngiri, mpenda sifa. "Mkikitumia kitachafuka, tuikose bendera ya usafi."

Kanga mkaguzi alipofika, hakuzitazama kuta zilizopakwa chokaa. Alitazama njia ya kwendea chooni.

"Imeota nyasi," alisema. "Choo hiki hakina mwenyewe."

Akaondoka na bendera yake. Mke wa Ngiri akalivunja kufuli.

Siku moja tumbo likamkata Ngiri. Akatimua mbio, mkia juu, kwenye njia ambayo sasa haikuwa na unyasi hata mmoja. Akagonga mlango.

"Panga foleni nyuma ya watoto, baba Chonge," mkewe akamjibu kutoka ndani. "Choo kimepata wenyewe."