Mkono wa Obadiah

Wachezaji kriketi wa Kiingereza walikuwa na siku tatu tu tangu washuke melini Bridgetown, kisiwani Barbados, na tayari Obadiah, mtunza uwanja, alikuwa amemtoa nahodha wao mara nne, mpira ukiviangusha vijiti alivyovilinda kwa gongo. Mtu mweusi aliruhusiwa kuwarushia mabwana mpira kwenye mazoezi. Siku ya mechi kazi yake ilikuwa rola, pipa zito la chuma lililokokotwa na punda kusawazisha uwanja.

"Mchezaji wangu mmoja ana homa," nahodha alimwambia mwenyekiti wa klabu ya wenyeji. "Niazime huyu kesho."

Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa. "Mchukue! Hapa mgeni hanyimwi kitu."

Mgeni alipokwenda kunywa ramu, mwenyekiti alimfuata Obadiah uwanjani. Punda wa rola alikuwa amesimama, kwato zimefungwa magunia asije akachimbua nyasi.

"Kumbe siku hizi umekuwa Mwingereza! Kesho utatuangusha sisi mbele ya mji mzima?"

"Wameniomba tu, bwana."

"Hongera, mwanangu." Mwenyekiti akashika hatamu za punda. "Kuna kijiwe pale chini ya rola. Kitoe."

Obadiah aliinama, akatazama. Hapakuwa na kijiwe. Akatazama kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, kilichoota sugu kwa miaka ya kuzungusha mpira. Kibanda alimolala mkewe na wanawe watatu kilisimama kwenye ardhi ya bwana huyu huyu.

Akapiga magoti, akaingiza mkono wa kushoto chini ya chuma.

"Siyo huo," mwenyekiti alisema kwa upole.